Elfu Hamsini na Mbili kwa Siku Sitini

Katika soko la Soni, pale ambapo barabara ya kupanda kutoka Mombo imekwishamaliza kona zake kali na bado safari ya Lushoto mjini inaendelea, ni vitu vichache vinavyouzwa kwa kilo. Viazi vimepangwa mafungu juu ya magunia. Maharage yanapimwa kwa sado, lile kopo la rangi lililogeuka kipimo cha nchi nzima. Mafuta ya kula yanachotwa kwa kipimo kidogo na kumiminwa ndani ya chupa aliyokuja nayo mnunuzi, na chumvi inafungwa kwenye kipande cha karatasi. Mwenye shilingi mia tano haondoki mikono mitupu.

Ila anaondoka na kitu ghali. Anayenunua mahindi debe zima wakati wa mavuno, na anayenunua kikombe kimojakimoja mwezi wa Februari wakati maghala yamekauka, wanakula ugali uleule, lakini wa pili anaulipia zaidi sana. Mwenye kipato kidogo hununua kidogokidogo, na kununua kidogokidogo ndiko kunakommaliza. Mama anayelea watoto peke yake katika vijiji vya milima hii ya Usambara anaujua mtego huu vizuri kuliko mchumi yeyote, kwa sababu hesabu yake anaifanya kila jioni, kabla hajawasha moto.

Kwa sehemu ya kina mama hao, hesabu hiyo ina mstari mmoja ambao wazazi wao hawakuwa nao: ruzuku ya TASAF.

Mfuko huo wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulianza mwaka 2000, na kwa miaka mingi watu wa vijijini waliujua kwa madarasa, zahanati na visima. Sura ilibadilika Agosti 2012, pale Rais Jakaya Kikwete alipozindua awamu ya tatu mjini Dodoma. Kiini cha awamu hiyo kilikuwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, yaani fedha taslimu kuwekwa mkononi mwa kaya yenyewe. Ndani ya miaka michache mpango ulifikia zaidi ya kaya milioni 1, na Februari 2020 Rais John Magufuli alizindua kipindi chake cha pili.

Kuingia kwenye orodha si suala la kuandika barua. Kwanza kijiji hukaa mkutano wa hadhara, wananchi wenyewe wakataja vigezo vya umaskini wa mahali pale na kutaja kaya zinazovifikia. Kisha wadodosaji hupita nyumba kwa nyumba na maswali: ukuta ni wa nini, paa ni la nini, watu wangapi wanalala humo, mifugo ipo au haipo. Majibu hupimwa kwa hesabu ya kompyuta, na orodha hurudi tena mkutanoni isomwe mbele ya watu. Ni utaratibu mzuri wenye uchungu wake. Mama anayelea watoto peke yake husimama, au husimamishwa, mbele ya majirani na mawifi, na umaskini wake unajadiliwa jina kwa jina. Wapo wanaoona afadhali kukosa.

Anayepita huitwa mlengwa, na mara nyingi mwakilishi wa kaya kwenye malipo huwa mwanamke, hata pale penye mume.

Sasa hesabu yenyewe. Katika kipindi cha kwanza cha mpango, kaya ilipata ruzuku ya msingi ya shilingi 10,000 kwa mwezi. Kama kulikuwa na mtoto wa chini ya miaka 18, iliongezwa 4,000. Kama kulikuwa na mtoto wa chini ya miaka 5 anayehudhuria kliniki, 4,000 nyingine. Kila mtoto wa shule ya msingi alileta 2,000, wa kidato cha kwanza hadi cha nne 4,000, wa kidato cha tano na cha sita 6,000, yote kwa ukomo uliowekwa. Kaya iliyofika kileleni kabisa ilipata 38,000 kwa mwezi, na malipo yalipangwa kutoka kila baada ya miezi miwili.

Tuchukue kaya ya mfano: mama, mtoto wa miaka 3, wawili wa shule ya msingi na mmoja wa kidato cha pili. Kwa viwango hivyo wanapata 26,000 kwa mwezi, yaani 52,000 siku ya malipo. Gawanya kwa siku 60, inakuja kama 867 kwa siku. Gawanya tena kwa vinywa vitano, kila mmoja anabaki na shilingi 173. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18 ulikadiria kwamba mtu mzima anahitaji shilingi 49,320 kwa mwezi ili kupata mahitaji ya msingi, na 33,748 kwa chakula peke yake. Kwa hiyo malipo ya miezi miwili ya kaya ya watu watano yanazidi kidogo tu mahitaji ya mtu mzima mmoja kwa mwezi mmoja.

Mtu akisomewa tarakimu hizo haraka atauliza: basi zinasaidia nini? Swali ni la haki. Jibu lake liko katika jinsi fedha hizo zinavyofika, zaidi ya wingi wake.

Mama wa Usambara asiye na mume hakosi kabisa kipato. Anapalilia shamba la mwenye nacho kwa ujira wa siku, anabeba karoti na kabichi kutoka bondeni hadi barabarani zinakopakiwa kwenda Dar es Salaam, anauza ndizi au mboga za majani kwa mafungu. Senti hizo huja leo elfu mbili, keshokutwa elfu moja, wiki nzima ya mvua hakuna kitu. Ni fedha zinazoliwa siku ileile. Hazikai zikajikusanya kufikia debe la mahindi, mbegu ya viazi wala viatu. Ruzuku inakuja kwa mkupuo, na mkupuo ndio unaomtoa kwenye bei ya kikombe na kumweka kwenye bei ya debe. Elfu hamsini za siku moja hazilingani na elfu hamsini zilizodondoka tone kwa tone ndani ya miezi miwili, japo kwenye karatasi ni zilezile.

Kabla mpango haujaenea nchi nzima, TASAF ilifanya majaribio katika vijiji vya Bagamoyo, Chamwino na Kibaha kuanzia mwaka 2010, na walengwa wakafuatiliwa kwa kulinganishwa na kaya za vijiji visivyopata. Wapo waliokuwa na hofu kwamba fedha zitaishia kilabuni. Kilichoonekana ni kwamba kaya zilizopata zilijiunga zaidi na bima ya afya ya jamii, watoto wao walivaa viatu zaidi kuliko wenzao, na kaya maskini ziliongeza mifugo midogo. Bima, viatu, mifugo: vyote ni vitu visivyonunuliwa kwa kikombe.

Lushoto viatu vina maana nyingine pia. Mji uko kwenye mwinuko wa kama mita 1,400, na vijiji vya huko juu, Mtae, Shume, Lukozi, ni baridi zaidi. Juni na Julai ukungu unalala mabondeni hadi saa nne asubuhi, mtoto anaenda shule akiwa na sweta moja, na kikohozi kinapita nyumba nzima. Katika bajeti ya mama wa nyanda za chini blanketi ni kitu cha baadaye. Huku ni dawa. Mkupuo wa miezi hiyo mara nyingi una jina lake tayari kabla haujatoka.

Mikupuo mingine nayo ina majina. Wa Januari ni wa shule. Tangu Januari 2016 ada imefutwa hadi kidato cha nne, na baadaye kidato cha tano na cha sita kikaingizwa, lakini ada haikuwa mzigo pekee. Zimebaki sare, madaftari, mchango wa chakula, na kwa mtoto wa sekondari anayetembea vilima viwili kwenda na kurudi, kandambili zisizofika Pasaka. Mwezi wa kuandaa shamba una mbegu. Na kama mama alitaka kuingia kwenye bima ya afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, iliyokuwa imewekwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, basi zaidi ya nusu ya malipo yake ya mara moja yalikwenda hapo. Alipe, au aombe Mungu watoto wasiugue? Kina mama wengi walijikuta wakichagua kati ya mawili hayo, na hakuna aliyechagua kwa raha.

Sharti nalo lipo. Mtoto wa shule anatakiwa kuhudhuria angalau asilimia 80 ya siku za masomo, na mtoto mdogo kufikishwa kliniki kwa ratiba, la sivyo sehemu ya ruzuku hukatwa. Kwa mzazi mwenye mwenzake hili ni jepesi. Kwa aliye peke yake, siku ya kliniki ni siku bila kibarua: anambeba mtoto mgongoni, anashuka bonde, anapanda lingine, anakaa foleni, anarudi jua limeinama. Kibarua cha siku hiyo amekipoteza, na hakuna safu ya kukiandika kwenye fomu yoyote. Shangazi au bibi akiwepo jirani, mambo hurahisika. Asipokuwepo, mtoto wa kike mkubwa hubakizwa nyumbani kuangalia wadogo, na hapo ndipo ile asilimia 80 inapoanza kumponyoka.

Mwanamke anabakije peke yake Usambara? Njia ni nyingi, na hazikuanza jana. Tangu enzi za Wajerumani, walioiita Lushoto Wilhelmstal, wanaume wa milimani walishuka kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Korogwe na Tanga. Leo wanashukia Dar es Salaam kwenye biashara ndogondogo na bodaboda. Wengine hutuma fedha kwa simu kila mwezi bila kukosa. Wengine hutuma mwaka wa kwanza, wa pili kwa kusuasua, wa tatu namba haipatikani. Wapo wajane, wapo walioachwa, na wapo wasichana waliopata mimba wakiwa shuleni, ambao hadi Novemba 2021, Serikali iliporuhusu warudi masomoni, mlango wa shule ya umma ulikuwa umefungwa kwao. Mjini huitwa singo maza, neno la utani kidogo. Kijijini hakuna anayeona kuna la kutania.

Shida kubwa zaidi ni ardhi. Kwa mila ya Kisambaa shamba hurithiwa na watoto wa kiume. Mke hulima alichopewa na mume, na ndoa ikivunjika hurudi kwa baba au kaka kuomba kipande. Zamani, penye nafasi, kipande kilipatikana. Sasa milima imejaa watu, mashamba yamegawanywa vizazi kwa vizazi hadi kubaki vijisehemu, na kaka naye ana wanawe. Sheria imekwishasema tofauti. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi. Miaka 16 kabla yake, katika rufaa ya mwaka 1983 ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikwishatamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini hukumu ya Mahakama ya Rufani haipandi mlima yenyewe. Inahitaji mtu wa kuipandisha, na nauli.

Ndivyo ilivyo hata kwa matunzo ya mtoto. Kwa sheria iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni, baba wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa aliweza kuamriwa kulipa shilingi 100 kwa mwezi, na kiasi hicho kiliendelea kuwepo kwenye vitabu hadi miaka ambayo shilingi 100 haikutosha hata sabuni ya kipande. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliifuta na kuipa mahakama nafasi ya kupima kipato cha mzazi. Mama anaweza kuanzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri bila wakili. Hili linafaa lisemwe kwa sauti kwenye kila dirisha la malipo: ruzuku ya Serikali haikufuta wajibu wa baba.

Nchi nyingine nazo zilipitia mjadala wa nani akabidhiwe fedha za namna hii, baba au mama. Uingereza ilipokuwa ikipitisha Sheria ya Posho za Familia mwaka 1945, muswada wa kwanza ulitaka alipwe baba. Mbunge Eleanor Rathbone, aliyekuwa amelipigania jambo hilo kwa zaidi ya miaka 20, alikataa katakata, na Bunge likabadili, alipwe mama. Posho ilikuwa shilingi 5 za Kiingereza kwa wiki kwa kila mtoto kuanzia wa pili. Rathbone alifariki Januari 1946, na malipo ya kwanza yakatoka Agosti ya mwaka huohuo. Mexico ilianza mpango wake wa kulipa kina mama kwa masharti ya shule na kliniki mwaka 1997, Kenya ilianza na kaya zenye yatima mwaka 2004. Tanzania ilipofika, ubishi wa baba au mama ulikuwa umekwishaamuliwa na wengine.

Usambara ina historia yake yenyewe inayoutazama mpango huu wa TASAF kwa jicho la pekee. Sehemu ya mpango ni ajira za muda: mtu mmoja wa kaya anafanya kazi za jamii, kama kupanda miti, kutengeneza barabara ya kijiji au kuzuia mmomonyoko wa udongo. Katika kipindi cha kwanza ujira ulikuwa shilingi 2,300 kwa siku, siku 15 kwa mwezi, miezi 4 kwa mwaka wakati wa njaa. Sasa kumbuka mwaka 1946. Serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, baadaye ukasambazwa Usambara kwa upana zaidi, na kila kaya ikalazimishwa kuchimba matuta. Bila malipo. Asiyechimba alishtakiwa. Wanaume wengi walikuwa mkongeni, kwa hiyo jembe lilibaki mikononi mwa wanawake, ambao walikuwa na mashamba ya chakula ya kulima na watoto wa kulisha. Upinzani ulikuwa mkali, na wanawake walikuwa mstari wa mbele. Kufikia mwaka 1957 mpango ulikuwa umekufa.

Kwa hiyo jina la matuta lilibaki na doa. Mradi wa kuhifadhi udongo wa SECAP, ulioanza Lushoto mwaka 1981 kwa msaada wa Ujerumani, ulilazimika kuja kwa upole: miti, majani ya guatemala na mabingobingo kwenye kingo za makinga maji, ambayo pia ni chakula cha ng'ombe na mbuzi. Udongo ni uleule, mteremko ni uleule, mwenye jembe ni yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba bibi alichimba kwa amri na mjukuu anachimba kwa ujira. Shilingi 2,300 ni kidogo. Ila mtu akikaa na wazee wa Mlalo ataelewa kwa nini si kitu kidogo hata kidogo.

Udhaifu mkubwa wa ruzuku ni tarehe. Malipo yaliyopangwa kutoka kila miezi miwili yamechelewa mara nyingi katika maeneo mengi, na kuhamia malipo ya simu na benki kulileta shida zake: namba isiyosajiliwa kwa jina la mlengwa, simu ya kuazima, wakala aliyeko umbali wa kilometa nyingi asiye na fedha za kutosha. Mwenye mshahara akicheleweshewa wiki tatu ananuna. Mama huyu akicheleweshewa wiki tatu anaingia dukani kwa mali kauli. Mwenye duka anaandika kwenye daftari: sukari robo, sabuni, unga kilo mbili. Ruzuku ikitoka inakuta imekwishaliwa, tena kwa bei ya kikombe, na ule mkupuo uliokuwa umtoe kwenye mtego unapita mikononi mwake bila kusimama. Anayepanga bajeti Dodoma anaweza kudhani kuchelewa hakupunguzi kitu, kwa kuwa kiasi kilichofika ni kilekile. Hapa Soni kinapungua.

Dawa waliyoikumbatia kina mama wenyewe, kwa kusukumwa na TASAF na wengine, ni vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana. Mtindo huu ulianzia Niger mwaka 1991 kupitia shirika la CARE, na ukaenea Afrika nzima. Wanachama hukutana kila wiki, hununua hisa, hukopa kwa riba ndogo, na mwisho wa mzunguko hugawana. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, hivyo hata shemeji mwenye shida ya kweli hawezi kulifungua usiku. Kwa mwanamke asiye na mume, sanduku hilo lina faida ambayo haiandikwi kwenye miongozo: linampa sababu ya kusema hapana kwa ndugu. Fedha ipo, lakini iko kwenye kikundi.

Turudi kwa kaya yetu ya mfano, siku ya malipo, saa nane mchana. Elfu hamsini na mbili zimehesabiwa mara mbili. Kituo cha kwanza ni dukani: deni linalipwa, mstari unachorwa juu ya jina lake. Kituo cha pili ni kwa mweka hazina wa kikundi: hisa za wiki mbili alizokuwa amekosa. Kisha soko, debe la mahindi, na mjadala mrefu juu ya kulijaza hadi liwe na kichwa. Sado ya maharage. Kipande cha sabuni ya mche. Kichwani debe, mkononi chupa ya mafuta, njia ya kupanda iko upande wa kushoto wa kanisa. Zilizobaki, elfu nne na mia tano, zimefungwa kwenye pindo la kanga: nauli ya kliniki ya Jumatano, na madaftari mawili ya yule wa kidato cha pili.